Zamu ya Hashimu

Hashimu, rafiki yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, na mimi sijui wewe nikuulize nini. Basi nianze na yangu. Wiki nzima sijatulia. Leo Jumatatu nimefungua duka, nimekigeuza kiti nikaupa mlango mgongo, wateja wa zipu wanaita huko nje na mimi nakuandikia kwa kalamu. Ndiyo, kwa kalamu. Cheka tu.

Miezi mitatu imetimia tangu uzikwe. Nina neno la kukuomba, nitalifikia, ila nisipokueleza kwanza yaliyotokea utasema Rukia kachanganyikiwa. Kwa kifupi ni hivi: wewe umelala huko makaburini Kisutu, na huku mezani kwetu zamu ilikuwa bado ni yako.

Unaikumbuka Jumapili yetu ya mwisho, huku juu ghorofani. Ulikuwa umekaa dirishani kama kawaida yako, mafuta ya beringi za dukani kwako yamekujaa kwenye kucha, unalalamika kwamba chai yangu maji matupu. Walikuja wageni wanne siku ile. Niliwaeleza mchezo kama ninavyowaeleza wageni wote: mimi ni msimulizi, ninyi kila mtu anabuni mtu wake na kuishi ndani yake, na dadu ndiyo inayoamua nani anafaulu na nani anaumia. Hapo wanacheka, wanaona raha. Shida ya zamani ilikuwa ile karatasi ya mhusika. Visanduku arobaini, kila kimoja kinataka hesabu. Mgeni anaitazama, anasema ngoja nikanunue maji, harudi. Wangapi walitukimbia hivyo? Mpaka muuza maji pale chini alikuwa anatushukuru.

Ndiyo maana Denisi wetu, na makava ya simu anayouza na elimu yake ya kompyuta aliyoikalia tu, akatutengenezea ile programu. Inamuuliza mgeni swali moja moja, kwa Kiswahili. Unatoka wapi? Unafanya kazi gani? Unaogopa nini? Hesabu inapiga yenyewe. Dakika kumi, mtu ana mhusika wake, jina, alama za uhai, mzigo begani, na anataka kujua kinachofuata. Mimi niliipenda hapo hapo. Wewe uliichukia hapo hapo. Ulisema, "Mtu wa kuandikiwa na simu, hata akifa hutamlilia." Nami kwa ubishi wangu nikachukua simu yako, nikamwingiza Kibwana wako humo, Kibwana mpagazi wa chumvi anayeogopa visima, uliyemwandika na kumfuta kwa raba miaka sita. Hukuninyang'anya. Ulinitazama tu.

Sasa siku ile Kibwana akatumbukia kisimani. Uhai sifuri. Amebakiza kurusha mara moja tu, ainuke au afe. Ukatoa dadu zako za pande ishirini mfukoni. Nikasema hapana, kwenye simu, kama wageni wanavyorusha. Ukasema, "Mimi sirushi kwenye kioo, Bi Hakimu." Bi Hakimu! Siku nyingine jina hilo linanichekesha. Siku ile wageni walikuwa wananitazama, nikaona aibu, na mimi aibu ikinishika huwa sina mdomo mzuri, unanijua. Nikakwambia, "Basi toka, wapishe wenye nia."

Ukatoka. Hukubamiza hata mlango.

Jumatano nikapigiwa simu kutoka mtaa wa Gerezani. Umeanguka dukani kwako katikati ya maboksi. Moyo, walisema.

Hujui hili, acha nikwambie. Jeneza lilipokuwa linataka kutoka nyumbani kwenu Ilala, shekhe aliuliza kama tumekusamehe. Sisi wanawake tulikuwa ndani, tukaitikia tumemsamehe, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote. Halafu wanaume wakakubeba, wakaenda. Nikabaki nimekaa kwenye mkeka, nawaza kwamba hakuna mtu anayemuuliza marehemu kama yeye ametusamehe sisi.

Jumapili iliyofuata tukakutana, maana tulikuwa hatujui tufanye nini kingine. Tukafungua simu. Kila simu imeandika kitu kimoja juu kabisa: Zamu ya Hashimu. Mimi msimulizi nina kitufe changu, kimeandikwa Pitisha. Nikikigusa mara moja zamu inakwenda kwa mwingine, hadithi inaendelea. Sikukigusa. Niliona nikipitisha zamu yako nitakuwa nimekwambia toka mara ya pili, na safari hii huna hata mlango wa kutokea. Denisi aliniuliza kwa upole, mara moja tu. Nilimjibu vibaya, hakuuliza tena. Basi ikawa kila Jumapili tunapika chai, tunaangalia jina lako, tunaondoka. Wageni wakapungua mmoja mmoja. Meza ilikuwa inakufa, Hashimu, na mimi ndiye niliyekuwa nimeikalia.

Jumapili ya wiki iliyopita akaja mgeni mpya, Zena, msusi wa huko Ilala. Hakukujua wala hakuna aliyemwambia habari zako. Denisi akampa programu, akajibu maswali yake anacheka peke yake, akaingia mezani na mhusika wake mpiga ramli mwenye uhai kumi na moja. Unajua Kariakoo Jumapili alasiri inavyokuwa mtaani kwetu, mageti yamefungwa, mikokoteni imelala ukutani, unasikia mpaka karatasi ikipita barabarani. Umeme ukakatika. Feni ikazunguka, ikapunguza, ikasimama. Zena akatazama simu yake akauliza, "Huyu Hashimu mbona anachelewa? Kaenda chooni?"

Kabla sijapata la kusema, simu zetu tatu zikatetemeka mezani kwa mpigo.

Hashimu amerusha dadu. Ishirini. Kibwana amesimama.

Zena akapiga makofi. Haki ya nani, alipiga makofi! Akasema, "Hongera zake, kumbe yupo." Denisi alikuwa ameshika kikombe, akakiweka chini polepole sana mpaka nikasikia kinavyogusa meza. Mimi nilifanya nini? Nilisikiliza ngazi. Sikufichi. Nilikaa pale mchana kweupe, mtu mzima mwenye akili zangu, nikasikiliza kama utapanda, na nilikuwa naogopa kwamba utapanda na naogopa kwamba hutapanda.

Nikawaacha nikaenda kwa mama yako.

Nilimkuta amekaa chini, simu yako iko mbele yake juu ya mto, imefunikwa na mtandio, na msahafu pembeni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Nikamuuliza, Mama, hiyo simu vipi? Ndipo akaniambia. Kila Jumapili saa kumi alasiri inatetemeka, inawaka, inaandika: Hashimu, zamu yako. Wenzako wanakusubiri.

Ni Denisi aliyeyaandika maneno hayo, ya kumkumbusha mchezaji yeyote anayechelewa. Tulikuwa tumeyasahau kabisa. Mimi nimekaa huku ghorofani najiona nakuheshimu kwa kutoigusa zamu yako, kumbe kule Ilala nilikuwa namwita maiti nyumbani kwa mama yake. Jumapili ya kwanza waombolezaji walikuwa bado wamejaa ndani. Mama alidhani kuna mtu mwenye roho mbaya. Ya pili akaifungia kabatini, akaisikia inavyotetemeka juu ya ubao humo ndani. Baada ya hapo ikawa akishaswali adhuhuri anakaa nayo, anasoma Yasini mpaka saa kumi ipite. Hakumwambia mtu, aliogopa watasema kichwa kimeharibika. Nikamuuliza kwa nini hakuizima. Akasema, "Nikiizima si nitakuwa nimemfungia mlango?" Alikuwa anaichaji, Hashimu. Anaiogopa na anaichaji.

Akasema juzi yake, Ijumaa, alikuwa amechoka. Hukuweka hata namba ya siri, wewe na dharau zako za simu, kwa hiyo ikafunguka tu. Akaona pameandikwa Rusha, akabonyeza, akidhani labda itanyamaza. Ijumaa, baada ya swala. Simu zetu zimetetemeka Jumapili, Zena hajamaliza hata kuuliza uko wapi. Denisi anasema ni mtandao, nyumbani kwenu unakatikakatika, ujumbe unakaa njiani. Sawa. Mtandao. Yeye ndiye aliyesomea. Lakini na yeye tangu siku ile hakai kwenye kiti cha dirishani, nimemwona.

Mama akaniuliza, "Kwani ni nani aliyekuwa anamwita mwanangu?"

Nikasema ni mimi, Mama. Nikamwambia yote, mpaka lile neno la toka. Nilidhani atanifukuza. Akawa anakunja mtandio, anakunjua, anakunja. Kisha akasema, "Ya kwangu nimekusamehe, ila mtoe humo, asiitwe tena. Ya Hashimu hayapo mkononi mwangu. Kamwambie mwenyewe."

Ndiyo hii barua.

Hashimu, nisamehe. Nilikutoa kwenye meza uliyoijenga na mimi, mbele ya watu waliokuwa hawakujui hata kwa saa moja, kwa sababu ya aibu yangu. Halafu nilidhani kuna kesho. Nilikuwa nimepanga Alhamisi nishuke Gerezani na sambusa, nikutanie, yaishe kama yalivyokuwa yanaisha siku zote. Jumatano hukunisubiri. Sikulaumu, nasema tu. Naumia, jamani. Kuna siku naumia mpaka nakasirika na wewe, nasema hata kugombana hujui, mtu gani anagombana halafu anakwenda moja kwa moja.

Nikamtoa Kibwana kwenye programu. Usiku sikutaka, nilifanya asubuhi ya Jumanne, hapa dukani. Angekuwa ameshindwa kurusha ingekuwa rahisi, ningemzika na hadithi. Lakini alikuwa amesimama, uhai mmoja, kisimani peke yake, na anayemtoa ni mimi. Programu ikaniuliza kama nina hakika. Sikuwa na hakika. Nikabonyeza ndiyo. Jina lako likaondoka juu, la Zena likapanda mahali pake, na ndani ya duka hakukubadilika kitu, mteja akaniuliza zipu ya inchi saba. Denisi naye ameyafuta yale maneno ya kukumbusha. Anayechelewa kwenye meza yetu sasa atapigiwa simu na binadamu.

Jana tulicheza. Kweli tulicheza, na wageni wawili Zena amewaleta kutoka saluni. Walianza na simu, siwezi kukudanganya, bila simu wangekuwa wameshatoka kununua maji. Ila baada ya saa moja nilimuuliza Zena mhusika wake amebeba nini, akawa hajui, akaanza kutafuta kwenye kioo. Nikakukumbuka nikauma mdomo. Nikampa kalamu, nikamwambia mwandike sasa umeshamjua. Akaandika ukurasa mzima. Kwa hiyo tulikuwa tunabishana nini, mimi na wewe? Wote wawili tulikuwa na haki na wote wawili tulikuwa na vichwa vigumu.

Saa kumi na robo simu yangu ikaita. Jina limetokea: Hashimu.

Usinicheke. Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. Nilipokea. Nikasikia mtu anavuta pumzi, halafu sauti ya mama yako, ndogo.

"Rukia. Leo haijaita."

Nikamwambia, ndiyo Mama, nimemtoa, haitaita tena. Akasema anajua, si yeye ndiye aliyeniomba. Kisha akasema, "Nimekaa nayo tangu adhuhuri. Ilikuwa inamtaja jina, mwanangu. Hapa nyumbani watu hawalitaji tena, wanaogopa nitalia."

Nimekaa na maneno hayo tangu jana.

Kwa hiyo sikiliza ahadi yangu. Meza tumeihamishia Jumamosi, Denisi na Zena wamekubali. Jumapili saa kumi nitakuwa mlangoni kwa mama yako, nitabisha hodi, nitaingia, nitakaa kwenye mkeka, na nitamwambia habari zako kwa jina lako. Nitaanza na chai yangu maji matupu. Akilia, alie, tutalia wote.

Ukiwa umenisamehe sina njia ya kujua, na sitaki unijulishe. Nakuomba kabisa, usinijulishe. Pumzika, rafiki yangu. Hakuna tena anayekusubiri uje. Sisi ndio tutakaokuja, mmoja mmoja, na hatuna haraka.

Wako,
Rukia