Saumu ya Baba

Shella, Malindi

Kaka Mahmood, shikamoo.

Natumai huko Mtwapa nyote wazima. Halwa uliyomletea Baba imefika. Aliinusa, akasema nikushukuru, kisha akawagawia wajukuu.

Daktari alisema kilichoziba ni umio. Neno sikulijua, akanichorea mrija unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Wa Baba umebanwa na uvimbe, na kupasuliwa mwili wake hauwezi tena. Mwanzoni uji ulipita. Sasa hata maji humrudia puani.

Majirani hawajui. Wakileta sahani, Baba huipokea kwa mikono miwili, akawaambia amefunga sunna. Wanamsifu, mashallah, mzee ana imani! Nami huifunika sahani, nikaipeleka jikoni.

Jana adhana ya magharibi ilipolia, alikinga kiganja, nikamwekea tende kama tulivyozoea. Akaishika mpaka watu wakatoka msikitini, asiitie mdomoni. Kisha akanirudishia.

“Wafa mwanangu,” akaniuliza, “saumu hii, atanifuturisha nani?”

Njoo, kaka.

Ni mimi mdogo wako,
Wafa