Kabichi za Mama Zimebaki Juu

Jumanne jioni, Kihonda

Na eti mimi ndiye mtaalamu. Nimezaliwa Mgeta, milimani, nimeshusha kabichi kichwani hadi barabarani tangu darasa la tatu, halafu naiandikia programu ya akili mnemba maelezo ya zana ya kuita lori, naandika: "Ita lori mkulima akishavuna." Basi!

Leo mama kavuna, kaitumia ujumbe. Programu ikatii. Lori likafika barabarani, kabichi bado ziko shambani, na kuzishusha ni kazi ya nusu siku. Dereva akasubiri kidogo, akapakia za jirani, akaondoka. Za mama zikinyauka nitajificha wapi?

Nikampigia. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo mashine yako haijui kuna mlima?"

Haijui. Anayejua ni mimi, na sikuiambia.

"Wewe ungeiambiaje?" nikamuuliza.

"Mzigo ukishafika barabarani ndiyo uite gari. Kama hujui umefika, uliza."

Nimefuta maelezo yangu, nikaweka yake neno kwa neno. Nikajaribu kuiandikia: "Nimevuna." Ikauliza, "Mzigo umeshafika barabarani?"

Nikampigia tena kumwambia imeelewa mara moja.

"Basi imekuzidi," akasema. "Wewe nimekulea huku huku."