Papa, Klabu Haikufungwa

Papa,

Hawakuifunga. Naanzia hapo ili roho yako itulie, kama yangu ilivyotulia juzi pale komini, ofisi ya serikali ya mtaa wetu wa Anderlecht, nikakaa kwenye ngazi na kucheka peke yangu kama chizi. Klabu yetu ya kulenga shabaha ipo. Bunduki yako iko kabatini, imefungwa kwa ufunguo.

Uliniacha nimenuna. Mwezi mmoja kabla hujafariki nilikwenda kwenye kikao cha kutetea haki yetu ya kuwa na bunduki, nimevaa koti la mtumba lenye mabaka ya kijeshi. Nikapanda juu ya kiti, nikapayuka kwamba mwenye kuogopa ahame. Gazeti likatoa picha: mimi, mdomo wazi, kidole juu. Wiki hiyohiyo majirani wakaanza kutia sahihi klabu ifungwe. Ulisema tu, "Bon, bantu habaogopake bunduki, banaogopaka mwenye kuibeba. Vua hiyo koti, mutoto." Nikakujibu sheria iko upande wetu. Sikulivua. Ukaondoka na huzuni hiyo, Papa.

Baada ya matanga nilikwenda kwa Maman Zaina, yule wa Bujumbura anayekaa mkabala na klabu. Ndiye aliyekuwa akikusanya sahihi. Nilivaa koti lako la kanisani, mikono yake ikinifunika vidole. Nikaomba radhi. Alinipa chai, akaniambia watu waliomfukuza kwao walivaa mabaka kama yangu. Alipoiona ile picha alishusha mapazia siku nzima. Nilitamani ardhi ipasuke. Wewe ulilijua hilo, mimi nilijua sheria tu.

Ndipo akanieleza habari zako. Kila Jumamosi kabla hatujaanza ulibonyeza kengele yake, tai shingoni, bunduki umeiacha klabuni: "Maman, tunaanza." Ukangoja awashe redio ili watoto wake wasishtuke na milio. Na sisi miaka yote hiyo tulikucheka, eti Papa anachelewa kwa sababu ya umbeya!

Juzi komini, kwenye kikao cha kuamua kama klabu ifungwe, karatasi zangu za sheria hakuna aliyeziulizia. Maman Zaina alisimama, akasema kwa Kifaransa chake cha taratibu kwamba mimi nina mdomo mbaya, lakini baba yangu alikuwa mtu, na klabu ibaki, mradi kengele iendelee kulia. Majirani wengine wakaitikia kwa vichwa. Nililia mbele za watu wote, na wala sikuona haya.

Lile koti la mabaka nimelikata matambara ya kusafishia bunduki. Tai yako bado sijui kuifunga vizuri, lakini Jumamosi nitaivaa hivyohivyo, nibonyeze kengele.

Pumzika sasa, Papa. Hatutapiga hata risasi moja kabla redio haijawaka.

Feza wako