Moto wa Mabua

Tawa, Makueni
28 Septemba

Kwa dada yangu mpendwa Kasiva,

Pokea salamu zetu. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko wazima huko Zombe. Mama magoti yanamsumbua, lakini bado anaamka mapema kumwagilia sukuma wiki zake. Ningekupigia simu, ila haya siwezi kuyasema nikisikia sauti yako. Barua nampa Mwau, anakuja huko leo.

Mwezi huu nimekuwa nikitayarisha shamba kungojea mvua. Nilizoa udongo uliojaza mitaro, nikakata matawi makavu ya michungwa, nikatawanya mbolea ya ng'ombe. Yalibaki mabua ya mahindi. Mama aliniambia niyapange kando ya mitaro yazuie udongo, nisithubutu kuwasha moto na upepo huu.

Habari za jirani yetu, mama Kaveke, ulizisikia. Moto ulishika nyasi za mpakani ukafika kwenye zizi lake. Aliingia kufungulia mbuzi, paa likamwangukia. Nilimtembelea hospitalini siku ya tatu. Aliniuliza kwa shida kama mbuzi walitoka. Nilimwambia wametoka wote. Hakuwa ametoka hata mmoja. Kesho yake akafariki, na Jumamosi tukamzika. Nilikuwa kati ya waliobeba jeneza.

Watu wote wanasema ni Nzau, yule mchoma makaa wa ng'ambo ya mto. Polisi walimchukua siku ile ile, na mpaka leo yuko ndani. Kanisani mke wake anakaa benchi la nyuma na mtoto, na hakuna anayemsalimia.

Dada, Nzau hakuwasha moto. Ni mimi. Nilikuwa nimechoka, nikaona kupanga mabua kutanimalizia siku mbili. Nikawasha kibiriti. Moto ulipopungua nilidhani umezimika, nikaenda kunywa chai. Polisi walipokuja kuuliza, mtu wa kwanza kutaja jina la Nzau nilikuwa mimi.

Kesho asubuhi naenda kituoni kusema ukweli. Mama hajui. Nakuomba uje leo hii ukae naye, asije akasikia kwanza sokoni. Akikuuliza, usimfiche kitu. Na ukipata nguvu, mpitie mke wa Nzau umsalimie. Mimi nimefika mlangoni kwake mara mbili nikarudi.

Nisalimie shemeji na watoto. Mungu awalinde.

Ni mimi ndugu yako,
Ndululu