Kivuli cha Raudha Ukutani

Chang'ombe, 9 Juni 2024

Mama yangu,

Kabla hata sijakuamkia: mjukuu wako Raudha sasa hivi kaupiga ukuta kofi. Nilikuwa nafua uani, jua likaingia kwenye beseni, mwanga ukawa unachezacheza ukutani. Akaufukuza, akaufumbata, akaja kunifungulia kiganja. Hamna kitu! Kanikasirikia mie, kama nimemwibia.

Shikamoo, Mama. Mgongo unaendeleaje? Na mdogo wangu Najat mzima? Sie tupo, tunasukuma siku. Baba Raudha, Anwar, bado yuko Mtwara kwenye ujenzi, anawasalimu. Mie kiwandani nafunga sabuni nimesimama kutwa. Nikirudi miguu imevimba, namchukua mtoto kwa jirani, Mama Loveness, ameshalala. Jumapili ndio namwona macho yamefunguka.

Halafu usinicheke. Kivuli cha mpapai kikitua ukutani, nakichoraga kwa mkaa. Kinahama upesi, sijawahi kumaliza hata jani moja. Mama Loveness ananiambia, "Shoga, kapumzike, akili zinakuruka." Lakini hapo tu ndipo uchovu unaniacha.

Lile ulilosema nimelikubali. Raudha ameshaacha ziwa, kwa hiyo mwisho wa mwezi nakuletea umlee, kama mie nilivyolelewa na bibi. Sina nguvu ya kubisha.

Mwanao,
Zuena

Pangani, 20 Juni 2024

Mwanangu Zuena,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, ukiamka vizuri na mie naamka. Najat ndiye anayeandika, mie nasema.

Umefanya la maana. Mtoto wa kwanza ni wa bibi yake, ndivyo tulivyo. Nimeshamshonea chandarua kidogo, na majirani wote wanajua anakuja. Huko nani atamwogesha kwa wakati? Huyo Mama Loveness? Na mkaa ni wa kupikia, mwanangu. Ukitoka kazini, lala.

Tutakupokea stendi.

Mama yako

Dada, mie Najat. Haya simsomei Mama: kila siku anakunjua vigauni alivyomnunulia Raudha, anavitazama, anavikunja tena.

Chang'ombe, 14 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Najua umekasirika, ndio maana simu hupokei. Mlitusubiri stendi mpaka basi likaisha watu. Nisamehe.

Siku ile ya safari begi lilikuwa mlangoni. Raudha kavaa gauni la njano, jua la asubuhi likamtupia kivuli ukutani. Nikasema nikichore, angalau nibaki nacho. Nikafuata kichwa, nikafika sikioni, kashasogea. Nikaanza upya, kashachuchumaa anaokota sisimizi. "Tulia wewe!" Anacheka tu. Ukutani pakajaa vichwa, mtoto mzima hakuna. Nikakaa chini, nikamvua viatu.

Mama, nilivyorudishwa kutoka kwa bibi nilikuwa na miaka saba, nikakuita shangazi. Ulicheka, ukaingia jikoni, ukakaa huko. Sikujua kitu. Siku ile nautazama ukuta ndio nikajua. Hukuniona nikianza kusema, wala nikikimbia, wala nikinuna. Labda ndicho unachokitafuta kwa Raudha. Sikulaumu, walikuchukulia mwanao. Ila na mie nikimtoa, atakuja kuniitaje?

Basi njoo wewe. Kitandani utalala na mjukuu wako, mie nitatandika chini. Nikiwa kazini umwogeshe unavyotaka, umseme hata Mama Loveness, Jumapili tunamtazama wote. Nimechoka, Mama, sikufichi. Lakini nachoka vizuri akiwepo.

Mama Loveness huyo anapiga kelele uani, "Mama Raudha! Maji yametoka, leta ndoo, yatakatika!" Nakuja, jamani. Mama, usipeleke vigauni popote, vije na wewe. Njoo umwone akiwa bado…