Maua Mbele ya Kibao

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unakwenda dukani na kurudi bila fimbo, na kwamba kazi yako kubwa ni kugombana na kuku wa jirani wanaochakura bustani. Nilifurahi kusikia hivyo. Nami ni mzima wa mwili. Ya moyoni yatafuata huko mbele, kwa hiyo kama umesimama, tafuta pa kukaa.

Uliniuliza kama nimeshazizoea barabara za mji huu uliokula ujana wako. Nimezizoea, Baba. Nilikuja nikidhani nazijua sheria kwa kuwa ndizo ninazofundisha kwenye shule ya udereva, kumbe nilijua za kitabuni tu. Huku taa nyekundu ni amri mpaka askari atakapopunga mkono, na akishapunga, taa inabaki pambo. Mkanda hufungwa ukikaribia mzunguko wenye askari, na hufunguliwa ukishaupita. Kivuko cha waenda kwa miguu ni mahali pa kukimbia uokoe roho yako. Honi ndiyo salamu, ndiyo tusi, ndiyo breki. Wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza wafuate zipi, nami niliwajibu kwa maneno yako, kwamba anayetii vibao haguswi na askari. Niliyasema kwa kujiamini kweli.

Sasa nikueleze yaliyonipata. Nilikuwa na mwanafunzi wangu mmoja, fundi cherehani, mama mtu mzima anayeshika usukani kana kwamba amepewa mtoto mchanga. Tulikuwa tukipita nyuma ya posta, mtaa ambao sikuwahi kufundishia. Kwenye kona palikuwa na maua mengi mekundu, yale ya miiba, yamepanda juu na kufunga kama ukuta. Nilimsifia mwanafunzi wangu maua, kisha nikamwambia akate kushoto. Hatukwenda mbali. Askari wawili waliokuwa wamekaa kivulini juu ya kreti za soda waliinuka bila haraka, wakatusimamisha, wakasema tumeingia njia isiyoruhusiwa. Nikauliza kibao kiko wapi. Mmoja akayatenga matawi kwa rungu lake, taratibu, kama mtu anayefungua pazia la sebuleni. Kibao kilikuwepo, Baba. Chekundu, mstari mweupe katikati, safi kabisa.

Akaniambia mwenye macho haambiwi tazama. Nilitaka kucheka, maana ule ni msemo wako, nami nikidhani ni wa nyumbani kwetu tu.

Wakasema tusaidiane, mambo yaishe palepale. Nikakataa, nikawataka waandike kosa. Walinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa anayekataa dawa. Fundi cherehani alikuwa analia, na tangu siku ile hataki hata kusikia harufu ya gari. Wakaandika, kosa likawa langu, maana mwalimu ndiye anayebeba.

Kabla ya kesi nilirudi pale kupiga picha, nikakaa kwenye kibanda cha chai upande wa pili. Nikaona wanavyokabidhiana zamu. Anayeondoka anampa anayeingia filimbi, kitabu cha stakabadhi, na kopo la kumwagilia maji. Ndiyo, kopo. Nimemwona kwa macho yangu mtu mwenye sare na buti akinywesha yale maua kwa upole ambao sijamwona akimwonyesha binadamu. Tawi likianza kulegea, wanalifunga kwa kamba lisiache upenyo.

Hakimu alizitazama picha zangu, akasema maua hupendezesha mji na hayajashtakiwa. Akasema mwalimu wa udereva hana haki ya kujitetea kwa kutojua. Leseni yangu imefungiwa nusu mwaka. Mwenye shule yetu alinisikitikia kwa maneno mazuri, kisha akaniambia hawezi kumlipa mwalimu wa kuogelea aliyekatazwa kugusa maji. Sina kazi, Baba. Nimemwambia mama kwamba niko likizo.

Nilipokwenda kituoni kukabidhi leseni, niliyemkuta mezani ni askari mzee, mvi tupu, aliyebakiza kidogo astaafu. Akasoma jina langu, akalisoma tena, akaniuliza mimi ni binti wa nani. Nikamwambia. Alisimama, akanipa kiti chake, akawaita wenzake waje wamwone mtoto wa Bwana Bustani. Hilo jina ulikuwa hujatuambia.

Alinisimulia akicheka kwa furaha, kama anayesimulia harusi. Kwamba kabla yako kona ile haikuwa na riziki, kwa sababu madereva walikiona kibao toka mbali wakapita zao. Kwamba ulirudi kutoka likizo na kipandikizi ndani ya kopo la maziwa, ukachimba shimo mwenyewe, wenzako wakakucheka mpaka kilipotoa maua. Kwamba ulipostaafu uliwausia wasikubali mtu kupogoa hata tawi, na kopo la kumwagilia ukaliacha kama urithi. Akanishangaa kwa nini sikutaja jina lako siku ile ile niliyokamatwa. Mtoto wa aliyepanda, akasema, hakamatwi. Halafu akanisukumia leseni yangu mezani, niondoke nayo, yeye atajua la kuandika.

Kopo lile la maziwa nalikumbuka, Baba. Nililibeba mimi mpaka kituo cha basi, sikutaka mtu mwingine alishike. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu ni askari anayepanda maua. Nilikuwa nimevaa viatu vipya ulivyoniletea, na sasa najua vilitoka wapi.

Leseni niliiacha palepale mezani. Nimekukasirikia, na nimeona aibu, na bado nakupenda, na hilo la mwisho ndilo linaloniuma kuliko yote. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo yenyewe nilikuwa naringa nayo.

Nimekata rufaa, itasikilizwa mwezi ujao. Nahitaji shahidi wa kusema kwamba maua yale hayakuota pale kwa bahati, yalipandwa ili kuficha kibao. Mzee wa kituoni hawezi kusema, ana kiinua mgongo chake cha kuogopea. Umebaki wewe. Najua ninachokuomba, na najua majirani watasema nini. Lakini goti linalofika dukani litafika na kituo cha basi. Usipokuja nitaelewa, ila usiniambie tena habari ya kutii vibao.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na kuku wa jirani pia. Mama nisalimie sana. Ameniagiza nikija nimletee kipandikizi cha yale maua yako ya mjini, kwa sababu shina la nyumbani limekauka. Sitamletea. Kwa nini, naomba umwambie wewe.

Ni mimi mwanao,
uliyenipa jina la Usukani.