Maji ya Namba Sita

Jumatatu, 3 Machi

Choo cha uani kimeziba tena. Safari hii ni shuka — kipande kizima cha shuka! Nimeuliza mlango kwa mlango. Hakuna anayelijua. Vyumba sita, watu wazima na akili zao, na shuka limejiendea chooni lenyewe.

Nimezibua kwa waya, kisha kwa mkono. Mke wangu, Mungu amrehemu, angesema, mzee wangu, vaa glavu. Sikuvaa. Nilipomaliza nikakaa juu ya mfuniko wa chemba, nikalia kidogo. Si kwa ajili ya choo.

Vyumba nilivijenga mimi, lakini mwenye nyumba alikuwa yeye. Mimi nilikuwa dereva wa malori, narudi kama mgeni: nalishwa, nasifiwa, naondoka tena. Nani hasalimiani na nani, nani avumiliwe, kufuli gani halina ufunguo wa akiba — vyote vilikuwa kichwani mwake. Ameondoka navyo. Miezi miwili sasa, na bado nashika hili linaniponyoka lile.

Jumatano, 5 Machi

Binti yetu amepiga simu. Baba, mpe dalali akusimamie vyumba, wewe upumzike. Nimemwambia nitafikiri. Sitafikiri. Dalali atajua namba za milango tu. Mama yake alijua nani ana pumu na nani asiamshwe asubuhi kwa sababu ametoka zamu.

Balbu ya nje ya namba sita imeungua. Nimempa Kinyozi wa namba mbili akaibadilishe. Akanitazama. Mzee, ngazi ni yako, miguu ni yako, si uende mwenyewe? Nimesema goti linanisumbua.

Goti langu ni zima kabisa. Siwezi tu kufika pale. Ua wetu unapanda, namba moja iko chini kwenye tangi, namba sita iko juu mwisho, na mimi tangu siku ile sijavuka namba tano. Alianguka pale, kwenye kizingiti cha namba sita, alfajiri. Mimi nilikuwa bado kitandani! Aliyempokea ni fundi cherehani, anayekaa humo na mama yake asiyeinuka kitandani. Nilipofika, fundi ameketi chini, kichwa cha mke wangu kiko mapajani mwake, bomba linamwagika na hakuna wa kulifunga. Nikimwona yule mwanamke naona kichwa kile. Hana kosa. Najua hana kosa.

Jumapili, 9 Machi

Namba sita amebisha hodi leo. Hodi, Baba. Baba, upo? Nimejifanya nimelala. Nikashikwa na kikohozi, nikaziba mdomo kwa mto. Amesubiri. Kisha kandambili zake zikaondoka polepole.

Aibu! Mtu mzima najificha ndani ya nyumba yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Nilikuwa natia mafuta kufuli la geti. Fundi cherehani akapita na ndoo kichwani, nyingine mkononi, anatoka bomba la barabarani. Na ana bomba mlangoni pake! Nikasema moyoni, watu wengine bwana, atateka maji maili nzima ilimradi akutane na umbea. Akanisalimia, shikamoo Baba. Nikaitikia huku nimelitazama kufuli.

Alikuwa amekonda.

Namba tatu na namba nne wanagombania kamba ya kuanikia. Nimefunga kamba ya pili. Sasa wanagombania ipi inapata jua. Ningempa mwenzangu kesi hii angeimaliza kwa kicheko tu.

Jumanne, 18 Machi

Hili lazima niliandike.

Nimekwenda kwa Kinyozi kunyolewa. Yuko katikati ya kidevu, ananisifia. Mzee, umefanya kiungwana sana. Wenye nyumba wengine hutupa vitu nje, mtu anadhalilika mbele za watu. Wewe kimya kimya tu, unamkatia maji, anaelewa mwenyewe. Nikauliza, nani kamkatia nani maji?

Akasimamisha mashine.

Kumbe maji huko juu hayapandi mpaka wa chini wafungiwe. Tangi lenyewe dogo, likipata maji ni alfajiri, na wa chini wakiachiwa wanalimaliza. Basi mke wangu kila alfajiri alikuwa akifunga koki yao, anapanda hadi namba sita, anakinga maji, anasubiri pipa la wale lijae. Akikinga anapiga soga na Bibi, mama yake fundi, kupitia dirishani. Ndipo anashuka kuwafungulia wengine. Kinyozi anasema walikuwa wakimpigia kelele, Mama, tunachelewa kazini! Naye anawajibu, mwenye mgonjwa kwanza.

Na mimi nilikuwa namsikia akitoka, nageuka upande wa pili. Nilidhani ni ile tabia yake ya kukaguakagua.

Nikamuuliza Kinyozi kwa nini hawakuniambia. Akaangalia chini. Amesema kila mtu alijua namna mtu anavyotolewa kwenye chumba bila maneno. Nawe humsalimii vizuri, hufiki kwake, hata balbu unatuma mtu. Tukajua umeamua. Hata yeye anajua umeamua, anatafuta chumba. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, na sisi tulikuwa tunapata maji ya kutosha, Mzee.

Nimetoka na nusu ya ndevu. Nikapanda uani moja kwa moja. Namba tatu. Namba nne. Namba tano — miguu ikagoma. Nikasimama pale na kidevu changu cha nusu nusu mpaka watoto wakaanza kucheka. Nikashuka.

Jumatano, 19 Machi

Mchana nimefika namba tano. Nimerudi.

Mwenzangu, nisaidie.

Alhamisi, 20 Machi

Alfajiri nimefunga koki ya wa chini. Imekuwa ngumu, nimeikaza kwa mikono miwili. Ninainua kichwa — gari la mizigo liko getini! Cherehani imeshapakiwa, imefunikwa kwa turubai.

Nikapanda. Sijui namba tano niliipitaje.

Fundi alikuwa mlangoni, amekumbatia mto. Nikasema, mwanangu, sikukukatia maji. Sikujua.

"Miezi miwili, Baba? Bomba liko hapa mlangoni, miezi miwili hujui?"

Nikasema, siku ile ulipobisha hodi —

"Nilikusikia ukikohoa."

Nimesimama juu ya kizingiti kilekile, na kizingiti ni saruji tu, hakina hata alama. Nikamwambia ukweli wote, kwamba nilikuwa namkimbia yeye, namkimbia kwa sababu ya kile alichokipakata. Alikaza macho kwenye mto. Akasema na yeye hajalala vizuri tangu siku ile. Alitaka mtu wa kuzungumza naye, na mtu mwenyewe ni mimi, na mimi namgeuzia mgongo.

Hapo bomba likakohoa. Likatema kutu. Kisha maji yakaja, kwa nguvu, yakaanza kugonga ndoo tupu.

Na kutoka ndani, sauti ya Bibi:

"Amerudi?"

Fundi akaziba mdomo kwa mto. Akaninong'oneza kwamba hawakumwambia Bibi habari ya msiba. Alikuwa hoi siku zile, waliogopa habari ingemmaliza. Walimwambia nimempeleka mke wangu kutibiwa mbali, akipona atarudi.

"Ni yeye, namsikia anakinga maji," Bibi akasema. "Mwambie apite ndani. Asiende bila kunisalimia, nimemkosa sana."

Fundi ananitazama mimi. Dereva anapiga honi. Huku chini Kinyozi anagonga bomba lake, maji hakuna, jamani, tunachelewa!

Nimewaambia nashuka kuleta pipa letu, la kwao limepasuka. Uongo si uongo, limepasuka kweli. Nimeingia chumbani, daftari liko mezani, nimeandika haya nikiwa nimesimama. Pipa liko mlangoni. Bibi nimemwacha anamsimulia mwenzangu, kwa sauti ya furaha kabisa, kupitia lile dirisha: mguu unavyomuuma, mwanawe alivyohangaika na ndoo, mume wako siku hizi haonekani, ulimficha wapi. Kila akinyamaza anangoja ajibiwe. Ndoo imejaa inafurika, maji yanashuka uani mpaka huku kwangu, na hakuna anayethubutu kulifunga lile bomba.